Shati la Kwenda Mahakamani

Mama Fundi alichomoa uzi kutoka ndani ya upindo wa shati la buluu, akautia kwenye sindano, akaendelea kuziba. Uzi wa dukani rangi isingelingana, na macho ya watu hayana adabu.

Alikwisha kulifua kwa maji baridi na chumvi, akalianika kivulini.

Mteja mmoja, mgeni pale mtaani, akaegemea mlango. "Mama Fundi, gauni langu linalia njaa, wewe umekazana na hilo tu! Bwana harusi nani?"

"La mwanangu. Kesho ndiyo kesi ya yule askari aliyemsimamisha barabarani kwa taa mbovu, akamfyatulia risasi."

"Maskini! Na afungwe, tena afungwe sana. Lakini si umnunulie jipya?"

"Wakili kataka hilihili."

"Basi lipige pasi, mama yangu. Kule wanaanza kukutazama mavazi."

"Ndilo ninaloogopa," akasema Mama Fundi, akakata uzi kwa meno. Akapitisha kidole juu ya kitambaa. Hata kidole hakikupajua mahali penyewe.

Kesho yake mahakama ilijaa askari, wamekuja kumsindikiza mwenzao. Naye alisimama kizimbani amenyoa ndevu, sauti imetulia kama mtu anayeagiza chai.

"Alinijia usoni, mheshimiwa. Nilifyatua kujiokoa."

Wakili wa serikali akainuka taratibu. Picha zilizopigwa siku ile zilipotelea kituoni. Ripoti ya daktari nayo haikuonekana. Muuza maji aliyeshuhudia yote alihama, na simu yake haipatikani.

"Mheshimiwa, tumebakiwa na kitu kimoja tu," akasema. "Marehemu alikuwa amempa askari mgongo, anakimbia. Nguo aliyokuwa amevaa itasema. Mama, lete."

Mama Fundi akasimama. Akalitoa shati kwa mikono miwili, limekunjwa vizuri, kola imesimama.

Jaji akalikunjua. Akaligeuza upande wa mgongo, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaligeuza tena. Askari wakaanza kutazamana.

"Mama, tundu la risasi liko wapi?"

"Hutaliona, baba," akasema Mama Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule akatabasamu. "Nimeliziba."