Kumi na Moja Pembeni

"Meseji hazikupotea, mama," fundi wa kompyuta alisema. "Mtu akifungua akaunti mpya, anachokuandikia kinawekwa huku pembeni mpaka umkubali. Hizi hapa, kumi na moja."

Mshonaji alisogeza kiti. Alikuwa amemwita fundi kwa ajili ya oda za wateja zilizokuwa hazionekani tu. Lakini picha aliyoiona ilikuwa ya mdogo wake, yule ambaye tangu mazishi ya mama yao alikuwa akimsema kwa kila aliyeingia dukani, kwamba alinyamaza mama akiugua.

Ya kwanza iliandikwa wiki aliyolazwa mama. "Dada, simu yangu imeibiwa, sina namba ya mtu. Mama anaendeleaje?"

Ya mwisho ilikuwa ya siku ya mazishi. "Nilifika, dada. Uliponiona ukageuza uso, nikabaki nje ya geti. Kama nimekukosea, nisamehe."

Fundi alijishughulisha na waya mezani. Naye alishaisikia habari ya huyo mdogo mtu, alipoleta suruali yake kupunguzwa.

Uso ulimwaka mshonaji. Utepe wa kupimia alikuwa ameuzungusha kwenye vidole, akauvuta mpaka vikafa ganzi.

"Nimkubali?" fundi aliuliza taratibu.

"Niachie, nitabonyeza mwenyewe."

Alikuwa ameshaandika "Mdogo wangu" na kukwama hapo, mteja mmoja wa siku nyingi alipoingia na kitambaa chake.

"Shoga, yule mdogo wako bado kimya?"

Mshonaji hakuweza kugeuka.

"Hakuwahi kunyamaza," alisema. "Keti, nikwambie nilichofanya."