Ncha ya Mkia

Shemeji aliniletea kamera ya mume wangu kwenye mfuko wa nailoni. Kioo kilikuwa na ufa pembeni, lakini nilipoiwasha, iliwaka.

"Angalau yenyewe imepona," alisema, kisha akajutia maneno yake.

Picha ya mwisho ilikuwa ya ndege wa jamii ya mwewe juu ya antena ya jirani. Wiki nzima tulikuwa tumebishana juu yake. Mume wangu alisema ni kozi, mimi nikasema ni kipanga. Kwa mbele wanafanana kama mapacha, mpaka uone ncha ya mkia: ya kozi ni ya mviringo, ya kipanga imenyooka kana kwamba imekatwa kwa mkasi.

Asubuhi ile ya mwisho alinionyesha picha nyingine, kifua na macho tu. Nilikuwa naosha vyombo.

"Hii haina mkia, mume wangu," nilimwambia bila hata kugeuka. "Sikubali mpaka nione mkia."

Sasa niliikuza ile picha ya mwisho. Manyoya ya mkia yalijaa kioo kizima, safi kabisa, pande zote mbili za ufa.

Dirishani niliiona ngazi, bado imeegemea tangi la maji. Hakuna aliyeiondoa tangu mazishi.

"Shemeji," aliniuliza taratibu, "hivi alipanda kule juu kufuata nini? Mtu aliyeogopa hata kupanda kiti abadilishe balbu!"

Nilizima kamera, nikaiwasha tena. Picha ilikuwa ileile.

"Ni kozi," nilimjibu. "Mkia ni wa mviringo."