Kesi ya Frume

Frume aliteremka kutoka roshani ya wanawake, akapita katikati ya wanaume, akapiga kofi meza ambayo juu yake gombo la Torati lilikuwa limekunjuliwa.

"Hakuna kusoma," alisema. "Nina kesi."

Sinagogi nzima iligeuka kumtazama. Mjini Lubinke mtu aliyedhulumiwa alikuwa na haki ya kuzuia somo la Sabato mpaka asikilizwe. Lakini hakuna aliyewahi kumwona mwanamke akiidai haki hiyo.

"Rudi juu, mama wee," alisema Getzl, msimamizi. "Hapa kila mtu amefiwa."

"Mimi wangu ni watatu, Getzl. Wako wangapi?"



Kipindupindu kiliingia mjini mara tu baada ya Pasaka. Kufikia katikati ya kiangazi, watoto arobaini na mmoja walikuwa kaburini. Wa Frume, mjane aliyefulia watu nguo kwa maji ya kisima cha sokoni, waliondoka wote ndani ya wiki moja, mdogo akiwa wa mwisho.

Rebe Yerukhem, kiongozi wa dini wa mji, aliinuka taratibu. Waosha maiti walipokimbia, yeye ndiye aliyewaosha watoto wa watu kwa mikono yake, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumpinga.

"Mwacheni," alisema. "Ni haki yake. Na mimi najua anamshitaki nani."

Akajifunika shali yake ya sala kichwani, akaligeukia sanduku takatifu la kuhifadhia Torati.

"Bwana wa ulimwengu! Ibrahimu alibishana nawe kwa ajili ya Sodoma, na wale walikuwa waovu. Musa alikwambia umfute yeye kitabuni mwako kama hutawasamehe watu wake. Mimi si Ibrahimu, wala si Musa. Lakini hawa ulinikabidhi mimi, na nakuuliza mbele yao: watoto wale walikukosea nini? Miaka thelathini nimekutetea. Nimewaambia wafiwa wanyamaze, wavumilie. Leo sikutetei tena. Leo nasimama na mama huyu. Mjibu!"

Wanaume walilia bila kuficha nyuso. Juu kwenye roshani mwanamke mmoja alipiga yowe, wengine wakampokea. Getzl, ambaye hakutoa chozi hata siku ya kumzika mjukuu wake, aliegemea nguzo akilia kwa kwikwi.

Frume peke yake alisimama macho makavu.

"Umemaliza, Rebe?"

"Nimemaliza, binti yangu. Sasa sema naye wewe mwenyewe. Usimwogope."

"Mimi sina kesi na Mungu," alisema Frume. "Juzi mkeo aliniletea nguo za kufua, na koti lako la baridi likiwemo. Mfukoni nimekuta barua ya daktari wa wilaya: 'Rebe, fungeni kisima cha sokoni leo hii, maji yake yanaua.' Imeandikwa siku tano kabla ya Pasaka."