Mto Uliogeukia Kushoto

Mto ulikuwa umegeukia kushoto.

Mpigapicha aliuona akiwa bado mlangoni mwa ukumbi, miwani mkononi. Picha yake kubwa kuliko zote, ile iliyompa jina mjini, ilikwisha kutundikwa peke yake kwenye ukuta wa mbele: vilima viwili vya kijivu, bonde katikati, na mto mkavu unaoshuka na kugawanyika matawi mawili. Miaka yote tawi refu lilielekea kulia. Leo lilielekea kushoto.

Alijua mara moja alichofanya. Ndani ya chumba cha giza, kwa haraka zake na macho yake ya uzee, aliipachika filamu kwenye mashine ya kukuzia upande wa nyuma ukakaa mbele. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Wala hakuwa na wa kumsingizia, maana filamu ile hakuwahi kumruhusu mtu aiguse.

"Imegeuka," alimwambia msimamizi wa ukumbi. "Ishusheni."

Msimamizi aliitazama picha, kisha akamtazama yeye. "Mzee wangu, mto ni mto. Kwani kuna mtu hapa aliyewahi kufika huko?"

Hakuwapo. Tangu picha ile ilipotoka kwenye kalenda, watu walimuuliza mahali pale ni wapi, na jibu lake lilikuwa moja tu: ni mbali, na njia ni mbaya. Wapenda milima walilitafuta bonde lile mpaka wakanyoosha mikono. Wenye ndimi ndefu wakanong'ona kwamba picha si yake, kaiiba kwa mwenzake. Laiti wangejua alivyotamani iwe hivyo.

Maana aliona haya, na haya yake haikuzeeka pamoja naye. Kila aliposifiwa, ilimbana upya. Ulimwengu mzima ukijua alikoipata picha ile, angejikaza kiume akastahimili. Mkewe akijua, asingekuwa na uso wa kurudi nao nyumbani.

Na nyumbani ndiko alikoadhibiwa hasa. Mkewe, kwa mapenzi yake, aliitundika nakala ya picha hiyo sebuleni, juu ya redio, na kila Jumamosi aliifuta vumbi kwa ncha ya mtandio. Mtandio wenyewe haukumtoka mabegani hata jua likiwaka namna gani, na fundi wake wa cherehani hakuwa na haja ya kuuliza tena: gauni lizibwe mpaka shingoni.

"Siku moja unipeleke, baba watoto," alikuwa akisema huku anafuta. "Umezunguka milima yote ya watu, mimi umeniachia huu wa ukutani."

Mumewe alikuwa akikohoa, anageuza kiti. Ndani ya sebule yake mwenyewe aliketi akiwa ameipa picha kisogo.

Wageni walianza kuingia. Mpigapicha akajibanza karibu na nguzo, lakini mwandishi wa gazeti alimfuata huko huko. Huyu alikuwa na kumbukumbu inayonata kama gundi.

"Mzee, hebu nisaidie. Mwaka ule si ulivunjika mguu? Ukawa na plasta mpaka pajani, na wenye kalenda wanakugongea mlango wanataka picha?"

"Nilijikongoja."

"Mpaka bondeni?"

"Taratibu nilifika."

Mwandishi alicheka. "Haya. Ilikuwa saa ngapi?"

"Asubuhi. Mwanga ulikuwa unaingia kutoka ubavuni. Bonde lilikuwa bado limelala."

"Maneno matamu hayo, nitayaandika. Na mwenye ardhi alikuruhusu kupiga?"

Ulikuwa mzaha tu, lakini masikio ya mzee yaliwaka moto. "Sikumuuliza," alisema, akajifanya ameitwa upande wa pili.

Hapo ndipo alipomwona mkewe mlangoni. Hakuwahi kuja kwenye maonyesho hata mara moja. Alisema macho ya watu wengi humchosha. Asubuhi mumewe alimsihi asijisumbue, naye akaitikia vizuri kabisa, akamngoja atoke, akavaa.

"Shemeji, leo umetukumbuka," msimamizi alimpokea. "Picha ya mzee ile pale, kubwa kuliko mlango wa nyumba yenu."

Mwanamke alikwenda moja kwa moja, akitabasamu, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumsalimu jirani wa siku nyingi. Alipofika mbele ya picha, tabasamu lilimwishia. Akasimama. Mumewe alikwenda mbiombio akapenya katikati ya wageni.

"Imegeuka, mama," alisema kabla hajaulizwa. "Nilikosea wakati wa kuisafisha. Kesho naisafisha upya, iwe kama ile ya nyumbani."

Mkewe hakumtazama. Mkono wake ulikuwa umeingia polepole chini ya mtandio, ukapita begani, ukawa unapapasa kwa nyuma.

"Iache hivi hivi," alisema. "Ile ya nyumbani nimeifuta vumbi miaka yote hii nisiijue. Hii ndiyo ninayoiona kwenye kioo kila asubuhi, nikigeuza shingo kabla sijafunga gauni, tangu utotoni, tangu maji ya moto yaliponimwagikia mgongoni. Na wewe ukawa unaniambia ni mbali."