Kizingiti cha Dhanushkodi

Sari ya Valliyammal ilikuwa haijakauka maji ya visima vitakatifu vya hekalu la Rameswaram, alikotoka kuoga kama hujaji, alipokiona kizingiti cha nyumba yao ya utotoni. Kimbunga kilichoubomoa mji wa Dhanushkodi, na kumchukua mama yake, kiliacha kizingiti hicho na ukuta mmoja tu.

Alivua ndala, akainama kulipapasa jiwe la kizingiti. Kibonde kilikuwapo bado, pale mama alipokuwa akinolea kisu cha samaki. Kidole chake kilienea humo sawasawa.

"Mama, twende, basi linajaa!" mwanawe aliita. "Umeng'ang'ania nini kwenye magofu?"

"Usipige kelele," alimjibu. "Bibi yako hapendi makelele mlangoni."

Kisha akavuka kizingiti.

"Mama," aliita taratibu, "nimerudi."

Akatega sikio.