Bata Mzinga Mzima

Kila asubuhi kabla ya chai alipiga magoti na kutoa sufuria zake ndani ya oveni, maana oveni ndiyo iliyokuwa kabati lake, kisha akaiwasha apashe mikate. Jumapili ile alikuwa na sufuria ya tatu mkononi mumewe alipoingia kinyumenyume, amekumbatia kitu kama mtoto mkubwa aliyesinzia.

"Bi Harusi, pokea mgeni wako."

Akamtua bata mzinga mezani. Meza ikalia.

Harusi ilikwishapita muda mrefu, lakini ukweni bado walimwita Bi Harusi, naye hakuwahi kupata ujasiri wa kuwakumbusha kwamba ana jina.

Mchana huo ilikuwa zamu yake ya kwanza kuwapikia wakwe. Wifi yake, mwanamke asiyemeza neno, alikwisha kumpa masharti: "Kwa mama, bata huja mezani mzima, kifua mbele kama jemadari. Vipande tunakula hotelini." Bi Harusi alikuwa amecheka sana, kicheko cha mtu anayejua anachokifanya.

Sasa alimtazama bata, akaitazama oveni. Akamwingiza kichwa mbele; miguu ikabaki nje. Akamgeuza ubavu, bawa likakwama mlangoni. Akasukuma kwa goti, akasema "samahani," kisha akashangaa anamwomba nani radhi. Bata alikaa pale nusu ndani nusu nje, kama mpangaji aliyepewa notisi akagoma kuhama.

Na oveni hiyo ilikuwa ya mama mkwe mwenyewe! Alipowapa, alisema, "Kila utakachohitaji kimo humo ndani, mwanangu. Usitupe kitu." Akafungua kinywa kama anayetaka kuongeza neno, kisha akarekebisha miwani na kunyamaza. Ndani mlikuwa na masinia mawili, na glavu nene iliyochomekwa sindano kubwa iliyopinda. Bi Harusi hakushangaa. Mama mkwe alikuwa ameshona magauni ya harusi hadi macho yakachoka, na mshonaji husahau sindano popote.

Basi oveni ni ileile, na bata ni walewale. Kilichobadilika ni mpishi tu.

"Si umpigie mama umuulize?" mumewe alisema. "Kuuliza si ujinga."

Kwa Bi Harusi, kuuliza kulikuwa ujinga mkubwa kuliko wote, lakini alipiga.

"Ndiyo, mwanangu?"

"Nilitaka tu kukusalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hakuna kingine?"

"Hakuna, mama."

"Haya," mama mkwe alisema, taratibu, kama mtu aliyesubiri hodi ikapigwa nyumba ya jirani.

Bi Harusi akapiga moyo konde, akachukua kisu. Alitenga mapaja, akatenga mabawa, akapasua uti wa mgongo kwa kishindo kilichomfanya mumewe achungulie na kuondoka bila kuuliza. Alichoma mapaja kwanza, halafu mabawa, mwisho kidari. Vyote vilipoiva alivipanga kwenye sinia kubwa. Havikufanana na jemadari. Vilifanana na ajali.

Ndipo macho yake yalipoangukia ile sindano.

Alishona akiwa amesimama, vidole vikiungua, mafuta yakimtiririka hadi kwenye viwiko. Msomi mzima, alijiambia, na cheti kimetundikwa sebuleni, anamshonea marehemu miguu. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, akatumia wa kahawia, na kila mshono akaufunika kwa jani la saladi. Alipomaliza, bata alikuwa na bustani nzima mgongoni. Lakini alikuwa mzima.

"Lo!" wifi alisema sinia lilipotua mezani. "Leo tunakula bata au malisho yake?"

"Ni mapambo," alijibu Bi Harusi, kwa sauti iliyosikiwa na chumvi peke yake.

Wifi akanyoosha mkono kuchukua kisu. Mama mkwe akamwahi. "Weka chini. Tangu lini ukakata wewe?"

"Hata siku moja, mama, hujawahi kutuachia!"

"Basi usianze leo."

Mama mkwe akalivuta sinia karibu, akaondoa jani la kwanza. Akaondoa la pili. Akainama, miwani ikashuka hadi ncha ya pua, na pale penye paja la kulia Bi Harusi aliuona uzi wa kahawia umechomoza, mrefu, umepinda kama udevu wa panya. Alijiona tayari anasimuliwa kwenye kila harusi ya ukoo ule, na wajukuu wakiigiza.

Wifi naye akainuka kitini ili aone. "Kuna nini hapo?"

Bi Harusi akasimama. Maneno yalikwisha kufika mdomoni, na kwa mara ya kwanza hayakurudi.

"Nilimkata, mama. Hakuingia kwenye oveni. Nilimkata vipande, halafu nikamshona."

Mumewe akaitazama sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu. Mama mkwe aliupitisha uzi ule katikati ya vidole viwili, akauvuta kidogo kupima kama umekaza. Kisha akamtazama binti yake, akamtazama mwanawe, na mwisho akamgeukia mkwe wake, yeye mwenyewe uso umemwiva kwa aibu.

"Mshono wako umenyooka kuliko wangu," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Ile sindano niliiacha makusudi, mwanangu. Nilitaka kukuambia, nikaona haya."