Pete Iliyobaki Mkekani

"Baba Zuhra, ijaribu bunduki kwanza ndiyo uifungue," mkewe alimwambia Shamte. Naye alikuwa amefungua cherehani yake kwenye mkeka uleule, akiitia mafuta.

Shamte hakusikia la mtu. Bunduki ya upepo ilikuwa mpya, haijafyatuliwa hata mara moja. Akaifungua, akapaka springi grisi, akaifunga.

Walipomaliza kufunga kila mtu chake, pete ndogo ya chuma ilibaki katikati yao.

"Ya kwako hiyo," mkewe alisema.

"Si ya cherehani?"

Wakaigeuzageuza, wakatazamana.

Kunguru akatua ukutani, akachungulia vifaranga waliokuwa uani. Shamte akainua bunduki, kidole kikasita, jicho likaiendea ile pete.

"Si upige!"

"Shona wewe kwanza."

Mama Zuhra akaweka mguu kwenye pedeli, asiikanyage. Kunguru akashuka uani, akaanza kutembea polepole kuwaelekea vifaranga.